Babu alikuwa baharia wa manowari au mpiga waya wa Shangani?

*"Assalamu alaykum mwalimu. Babu yetu mzaa baba alifariki 1981 sisi tukiwa wadogo. Ametuachia kasha la mvule lenye vitu vitatu. Kimoja ni kidude cha shaba cha kubonyeza, kina vipande viwili sambamba kama vitufe vya kinanda juu ya ubao mweusi. Cha pili ni daftari lililojaa makundi ya herufi tanotano yasiyosomeka. Cha tatu ni picha yake ya ujana, amevaa sare nyeupe na kofia ya baharia, utepe wa kofia umeandikwa H.M.S. tu, jina la meli halipo. Ami yangu anashikilia kwamba babu alikuwa mkuu wa idara ya mawasiliano ya jeshi la wanamaji la Zanzibar na kwamba jina la meli lilifutwa kwa siri. Bibi yetu wa Wete anasema hakuna cha manowari wala nini, alikuwa mpiga waya pale Shangani. Sasa kuna mtu mjini anataka laki tatu atufuatilie mafao ya babu Uingereza. Je, idara hiyo ilikuwapo? Na tumsikilize nani?"*

Waalaykum salaam, mwanangu. Nianze na hiyo laki tatu, maana ndiyo yenye haraka. Msitoe. Pensheni ya mtu aliyefariki 1981 haishuki kwa wajukuu, na kuomba kumbukumbu za utumishi hakuhitaji dalali. Nitalirudia hapo chini.

Sasa tuje kwenye kasha. Nikisoma barua yako naona shaba na daftari si tatizo kubwa kwenu. Kinachokusumbua ni kwamba wazee wawili mnaowaheshimu wanasema maneno mawili, na unaogopa ukimkubali mmoja umemfanya mwenzake mwongo. Nimefanya kazi ya redio melini miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye karatasi kongwe, na kesi kama yenu nimeziona. Mara nyingi wote wawili huwa wamesema kweli, ila kila mmoja ameshika kipande chake.

Cheo ndicho cha kuondoa kwanza. Ofisi ya Zanzibar yenye jina hilo, na Mzanzibari akiwa mkuu wake, usiitafute. Masultani walikuwa na meli, na Seyyid Barghash alikuwa na Glasgow, iliyoundwa Uingereza 1878. Lakini tangu wakati wa ulinzi wa Mwingereza, mawasiliano ya kijeshi ya bahari yetu yaliongozwa na makao ya jeshi la wanamaji kule London, na matawi yake yalifuata manowari zinakokwenda. Pembeni yake kulikuwa na kampuni ya waya wa baharini, yaani ya kupeleka telegramu kwa waya uliolazwa chini ya bahari, ambayo ilikuwa biashara na wala si jeshi. Baadaye kikaja kikosi cha wanamaji wa kujitolea. Mtoto wa mjini akipita akawaona watu wa pande zote hizo wamekaa mbele ya kidude kinachogonga tik tik, kwake wote ni "watu wa simu". Hata neno lenyewe lilichanganya mambo: *sim* kwa Kiajemi ni waya, na wazee wetu walipiga "simu" kwa maana ya telegramu kabla hawajasikia sauti ya mtu ndani ya chombo. Redio ilipokuja wakaiita simu ya upepo.

Mambo yalikwendaje? Manowari za Waingereza zilizokuwa zikiwinda majahazi ya watumwa zilizungumza kwa bendera mchana na kwa taa usiku. Kuanzia 1874 waliiweka bandarini kwetu meli kuukuu ya HMS London iwe kama nyumba ya mashua za doria, na mashua hizo zilikwenda hadi Pemba. Mashua ikishapita upeo wa macho, basi, imejitegemea. Kapteni Brownrigg, mkuu wa meli hiyo, aliuawa karibu na Pemba Desemba 1881 alipolisogelea jahazi na mashua yake ndogo. Bendera ina mipaka ya jicho.

Lakini miaka miwili kabla ya kifo hicho jambo jingine lilikuwa limeshapita chini ya maji. Januari 1879 Waingereza walipigwa na Wazulu pale Isandlwana, kusini mwa Afrika, na habari zilichukua siku 20 kufika London. Aibu hiyo iliharakisha kazi. Kabla mwaka haujaisha, waya ulikuwa umelazwa kutoka Aden hadi Zanzibar, kisha Msumbiji, Delagoa Bay (Maputo ya leo) na Durban. Kampuni ilipewa kisiwa cha Bawe kwa kazi hiyo, na ofisi yake ya mjini ikawa Shangani, katika jengo ambalo wazee bado wanaliita Extelcoms na vijana mnalijua kama hoteli ya Serena. Kwa hiyo bibi yako akisema "Shangani", anataja mahali pa kweli kabisa.

Uzito wa waya ule utauona 1896. Sultan Hamad bin Thuwaini amefariki tarehe 25 Agosti, Khalid bin Barghash ameingia kasri bila ridhaa ya Waingereza, na balozi mdogo Basil Cave anapiga waya London kuuliza kama ana ruhusa ya kupiga mizinga. Jibu likarudi kwa waya huohuo kwamba achukue hatua yoyote anayoona inafaa. Tarehe 27, baada ya saa tatu asubuhi, mizinga ikalia, na katika muda wa kama dakika 40 kasri limevunjika na Glasgow inazama. Ruhusa ilitoka kwenye waya wa kampuni, na amri za manowari zilipitia bendera za meli kuu, St George. Hapakuwa na redio hata moja. Mwaka huohuo, huko Uingereza, afisa wa manowari Henry Jackson alikuwa katika majaribio yake ya kwanza ya simu ya upepo na ndipo alipokutana na Marconi, Mwitaliano aliyekuwa akiitengeneza simu hiyo. Mwaka 1899 manowari tatu ziliijaribu katika mazoezi, na hapo ndipo mawasiliano ya jeshi la wanamaji la Uingereza yalipoanza kuwa na matawi mawili: watu wa macho, yaani bendera na taa, na watu wa masikio.

Miaka 18 baada ya Glasgow, vita vya kwanza vya dunia vilipofika huku, shabaha mojawapo ya mwanzo kabisa haikuwa boma. Ilikuwa mlingoti wa redio. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Astraea ilikwenda kukipiga kituo cha redio cha Wajerumani Dar es Salaam. Septemba 20, alfajiri ya Jumapili, ikaja zamu yetu. Pegasus ilikuwa imetia nanga mbele ya mji ikitengeneza mitambo. Mlangoni mwa bandari palikuwa na chombo kidogo cha doria, Helmuth, ambacho hakikuwahi kuionya. Manowari ya Kijerumani Königsberg ikasimama mbali, pale mizinga ya Pegasus isipofika, ikaipiga. Walikufa watu 38, na makaburi ya baadhi yao yapo kisiwani Chapwani. Siku ukipata mashua nenda ukayaone. Redio ilikuwapo, waya ulikuwapo, bendera zilikuwapo, na bado onyo lilichelewa. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Julai 1915, Königsberg iliangamizwa ndani ya delta ya Rufiji kwa sababu safari hii mawasiliano yalifanya kazi: ndege iliruka juu ikiziambia manowari kwa redio risasi zinaangukia wapi.

Babu yako lakini ni mtu wa vita vya pili, kwa hesabu ya umri na kwa ushahidi wa kofia, kwa hiyo nisogee huko.

Utepe wa H.M.S. bila jina haukufutwa na mtu. Herufi hizo maana yake ni Meli ya Mtukufu Mfalme, na wakati wa amani zilifuatwa na jina la meli. Vita vilipoanza 1939 jeshi la wanamaji la Uingereza liliondoa majina ili jasusi anayezurura bandarini asijue meli gani imeingia kwa kuangalia vichwa vya mabaharia. Kwa hiyo siri ilikuwapo, ami yako hakukosea kuinusa, ila ilikuwa siri ya maelfu ya watu. Faida kwako ni kwamba utepe huo unaipa picha yako tarehe. Huenda ni ya miaka ya vita.

Baharia mwenye utepe huo angeweza kuwa mtu wa kwetu? Naam. Zanzibar ilikuwa na kikosi chake cha wanamaji wa kujitolea, kama Kenya na Tanganyika. Mapema miaka ya 1950 vikosi hivyo viliunganishwa kuwa jeshi moja la wanamaji la Afrika Mashariki lenye makao Mombasa, likavunjwa 1962. Na Mombasa yenyewe wakati wa vita haikuwa bandari ya kawaida. Wajapani walipoishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo) Aprili 1942, kundi la manowari za Waingereza lilirudi nyuma hadi Kilindini, na wasikilizaji waliokuwa wakinasa na kufumbua ujumbe wa Kijapani wakawekwa katika shule ya Allidina Visram. Ukisikia mzee wa Unguja anasema "nilikuwa Mombasa kwenye simu", usicheke.

Haya, tulete kidude cha shaba, maana ndicho kilichonifanya niandike jibu refu hivi.

Kidude cha redio kina kipande kimoja. Unabonyeza, mkondo unapita, unaachia, umekatika. Ukibonyeza kidogo ni nukta, ukikawia ni mstari, na hiyo ndiyo lugha ya nukta na mistari iitwayo Morse. Cha babu yako kina vipande viwili, na hakikufungwa hivyo kwa urembo. Fikiria mpira mrefu laini wa maji, kutoka kisimani hadi tangi la jirani wa nyumba ya kumi. Ukifungua bomba, maji hayatoki ncha ya pili papo hapo, kwa sababu mpira unavimba kwanza. Ukifunga, bado yanaendelea kudondoka. Ukimtumia mwenzako ishara kwa kufungua kidogo na kufungua sana, yeye ataona mtiririko mmoja tu usio na kichwa wala mkia. Waya wa baharini wa enzi hizo ulikuwa hivyohivyo: ndani shaba, katikati utomvu mgumu wa mti uitwao gatapacha, nje maji ya chumvi, na urefu mamia ya maili. Umeme "unaujaza" kabla ya kutokea ng'ambo, na nukta na mstari vinavurugika.

Dawa yake ikawa kuacha kutofautisha kwa muda na kutofautisha kwa upande. Kipande cha kushoto kinasukuma umeme upande mmoja, hiyo nukta. Cha kulia kinausukuma upande wa pili, huo mstari, na vyote vinachukua muda sawa. Ng'ambo kulikuwa na mtambo uliobuniwa na mwanasayansi William Thomson, unaochora mstari wa wino kwenye utepe wa karatasi. Mstari ukipanda ni nukta, ukishuka ni mstari wa Morse. Mpiga waya aliyezoea aliusoma kama wewe unavyosoma gazeti, na kwa mgeni ulifanana na mawimbi aliyochora mtoto. Kidude cha namna hiyo ukikifunga kwenye redio ya manowari hakina kazi, maana redio ya wakati ule haikuwa na "upande", ilikuwa na kuwaka na kuzima. Kwa hiyo, kama ulivyonieleza ndivyo kilivyo, hicho ni chombo cha kampuni ya waya. Bibi wa Wete amepata bao moja.

Nasema moja tu. Kidude kinaweza kuwa cha kazini kwake, na kinaweza pia kuwa alikinunua ofisi ilipobadilisha mitambo. Kigeuze uangalie chini. Mali ya jeshi la Uingereza ilipigwa muhuri wa mshale mpana, mistari mitatu inayokutana kwenye ncha moja, kama unyayo wa kuku. Ukiukuta huo, itanibidi nifikiri upya.

Daftari linanipa shaka zaidi, na hapa ami yako asikasirike. Mpiga simu wa manowari hakuruhusiwa kwenda nyumbani na daftari la ujumbe. Hilo lilihesabiwa kama bunduki inavyohesabiwa. Kwa hiyo sidhani mna siri za vita ndani ya kasha. Herufi tanotano zina maelezo mawili yaliyo karibu zaidi. La kwanza ni biashara. Telegramu ililipiwa kwa neno, na wafanyabiashara wa karafuu, kama wafanyabiashara wote duniani, walitumia vitabu vya mafumbo ambamo kundi moja la herufi lilisimama badala ya sentensi nzima, mfano "nunua magunia kadhaa kwa bei isiyozidi kiasi fulani". Kwenye telegramu za namna hiyo utaona juu jina la mpokeaji na mji, na tarakimu ya idadi ya maneno, kwa sababu ya hesabu ya pesa. La pili ni mafunzo. Mwanafunzi wa Morse hupigiwa makundi ya herufi yasiyo na maana, makusudi, ili asikisie neno kabla halijaisha. Mimi mwenyewe nilijaza madaftari manne ya upuuzi huo. Ukiona kurasa hazina majina, zina alama za kusahihisha, na mwandiko unaanza kwa kuhangaika halafu unatulia kadiri kurasa zinavyokwenda, hilo ni daftari la kijana anayejifunza. Hapo linaweza kuwa la kampuni au la jeshi, maana wote walifundisha vilevile.

Kinachobaki kuamua ni picha, na hukuniambia jambo ninalolitaka zaidi: mkono wa kulia juu ya kiwiko kuna nini? Sare za vikosi vya huku zilifuata za Uingereza. Mtu wa bendera alivaa alama ya bendera mbili zilizopishana, na mtu wa redio alivaa mbawa zenye radi katikati. Tazama kwa kioo cha kukuzia, au piga picha kwa simu yako karibu na dirisha, jua likiingia kwa ubavu, kisha uikuze. Kama hakuna alama yoyote, usikate tamaa, huenda alikuwa bado mwanagenzi.

Ukiniuliza nabahatisha nini kwa sasa, nasema hivi: kijana aliyeujua mkono wa Morse kwenye kampuni ya Shangani, vita vikaja, kikosi cha kujitolea kikamtaka kwa sababu ya mkono huohuo, na vikiisha akarudi kwenye kiti chake. Bibi alimjua mtu wa kitini. Ami alikua akisikia hadithi za miaka ile ya kofia. Ni dhana inayoingia kwenye vitu vyote vitatu bila kulazimisha, lakini ni dhana, na mshale mmoja chini ya ubao unaweza kuivunja.

Ya kufanya, basi. Nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, wewe mwenyewe, na kitambulisho, jina kamili la babu pamoja na la baba yake na la babu yake, na mwaka wa kuzaliwa hata wa kukisia. Waulize wahudumu majalada ya serikali ya kikoloni yanayohusu kikosi cha wanamaji wa kujitolea. Jitayarishe kwa majina yaliyoandikwa ovyo. Karani wa Kiingereza aliandika alivyosikia, Khamis akawa Hamisi, na Mwinyi akawa chochote. Kwa upande wa kampuni, anzia kwenye makumbusho ya mawasiliano ya Porthcurno, Uingereza, yanayoshughulika na historia ya waya wa baharini. Unaweza kuwaandikia barua pepe ya heshima, uwaulize kumbukumbu ziko wapi, bila kumlipa mtu wa kati. Kwa utumishi wa jeshi, maombi huandikwa kwa serikali ya Uingereza na ndugu wa karibu, yaani baba yako au ami yako, kwa kuonyesha cheti cha kifo. Pesa hazitarudi kwa njia hiyo. Kinachoweza kurudi ni medali, kama alistahili na hakuichukua, na hiyo nayo huombwa na ndugu. Hapo ndipo mtamhitaji ami, kwa hiyo msigombane naye mapema.

Kuna jambo moja lisilongoja barua. Najua nyumba zetu: kitu cha shaba kikionekana tu, mtu ameshaleta ndimu na majivu. Usithubutu. Kuna maandishi membamba ya mtengenezaji na namba, na kusugua mara moja kunayaondoa. Kifute vumbi kwa kitambaa kikavu. Daftari nalo litoe kwenye kasha, liweke kwenye bahasha ya karatasi mahali pa juu penye hewa, na msiweke karafuu wala udi ndani yake, mafuta yake yanatia madoa. Kama kurasa zimeshikana kwa unyevu, msizibandue kwa kisu wala kwa mvuke wa birika. Lipeleke Kilimani lilivyo, likaangaliwe na mtu wa kuhifadhi karatasi.

Na bibi wa Wete, maadamu yu hai, mfuate kabla ya kwenda Kilimani. Usimwulize kama babu alikuwa baharia. Mwulize alilala nyumbani usiku au alikuwa na zamu, mshahara ulitoka kwa nani, na kuna mwezi gani au mwaka gani hakuonekana kabisa. Kisha nipigie picha sehemu ya chini ya kile kidude, kurasa tatu za mwanzo wa daftari na tatu za mwisho, na ule mkono wa kulia.